Tuanze na Orodha Tupu

Mtu akipita sokoni Migori akasikia "vimevunjika", ataijua ngeli, lakini hatajua kama ni vikombe au viti. Ndiyo hali ya mwanafunzi wa kompyuta anayesaka kasoro katika msimbo wa jumla, yaani ule ulioandikwa mara moja upokee data ya aina yoyote.

Java iliupokea utaratibu huo mwaka 2004, katika toleo la 5. Hata hivyo, kompaila yake huifuta aina yenyewe. Ukiisimamisha programu ndani ya msimbo huo, debaga haina la kukuonyesha ila herufi T. Orodha yenye vitu ni afadhali, maana kila kitu hujua aina yake. Orodha tupu je? Ya maneno na ya nambari hazitofautiani kamwe. (Wenzetu wa C# hawakuifuta.)

Sisi walimu hufundisha vitufe vya debaga tukanyamazia kilichofutwa. Mwanafunzi hudhani ujinga ni wake. Mkuria ana ngeli katika lugha ya mama. Mjaluo amezisomea darasani. Wote wangeuelewa mfano wa "vimevunjika" mara moja. Walimu wa kompyuta wa Migori na Homa Bay na waanzie hapo, kwa orodha tupu, kabla ya kitufe chochote.