Mtafute Mdai Wako Kabla Hajakutafuta



Ndugu msomaji, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni: kiasi chake, muda wake na mashahidi wake. Juma hili tuizingatie kwa ajili ya vijana wetu waliosomea Nairobi kwa mkopo wa serikali.

Mabasi mengi yatokayo Mombasa hushusha abiria River Road na Accra Road, na hapo saiba zimepangana ghorofa kwa ghorofa. Humo huingia kijana aliyehitimu miaka kadhaa iliyopita. Mwajiri amemtaka cheti cha HELB, na laini ya simu aliyojiandikishia imekwisha kupotea. Hajui anadaiwa kiasi gani wala aanzie wapi. Akitokea mtu wa kumwambia, "Nipe kitambulisho na nywila, nitakumalizia," huona amepata faraja. Kumbe huenda akatoka na karatasi ya kughushi, na deni likabaki palepale.

Mdai wake si wa kutafutiwa dalali. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, iliundwa kwa sheria mwaka 1995, ikakabidhiwa pia madeni ya mikopo iliyoanza kutolewa mwaka 1974. Ofisi yake iko Anniversary Towers, University Way. Kutoka River Road ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa. Aliye pwani aulize kwanza katika kituo cha Huduma kilicho karibu naye, au afungue akaunti yake katika tovuti ya helb.co.ke. Waliojiunga na chuo kikuu tangu mwaka 2023 watenganishe mambo mawili: ufadhili wa Universities Fund haurudishwi, bali mkopo wa HELB hurudishwa.

Aendapo, achukue kitambulisho cha taifa, namba ya KRA na namba yake ya usajili chuoni. Aombe mambo matatu: simu na barua pepe yake zisahihishwe, apewe taarifa kamili ya deni, na akishindwa kulipa kwa mkupuo apangiwe kiasi cha kila mwezi. Kama mshahara wake umekuwa ukikatwa, alinganishe hati zake za mshahara na taarifa hiyo, ahakikishe fedha zilifika. Risiti zote azihifadhi. Hiyo ndiyo kazi ya kuandika tuliyoamrishwa.

Wako wasemao, "Mkopo huu una riba, kwa hivyo silipi." Ni kweli kwamba mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na uchungu wa Mwislamu katika jambo hilo ni wa haki. Lakini rasilimali aliyoipokea ni deni lisilo na shaka. Tena kila mwezi wa kujificha huongeza riba ileile anayoichukia, pamoja na faini ya shilingi 5,000. Anayetaka kuikata riba, njia yake ni kuharakisha kulipa. Bodi imewahi kutangaza vipindi vya kusamehe faini, na asiyewasiliana nayo hupitwa navyo.

Nanyi wazazi, waulizeni watoto wenu kwa upole, maana wengi hunyamaza kwa haya. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisita kumswalia maiti aliyeacha deni mpaka Abu Qatada alipolidhamini. Na mirathi haigawanywi kabla madeni ya marehemu hayajalipwa. Deni lililoandikwa na kujulikana warithi hulilipa. Lililofichwa huwafika ghafla, mwenyewe akiwa hayupo tena kulieleza.

Allah atuwezeshe kutekeleza amana zetu tungali hai. Wabillahi tawfiq.