Midomo Kondele, Sauti Ahero

Mpe fundi wa Kondele video ya mazishi ya saa nne aigeuze iwe MP4 ya kutumiwa jamaa walio Marekani. Ikirudi na midomo inayokwenda kivyake, sauti kivyake, utapewa maelezo ambayo wasomaji mmeyasikia mara nyingi. Nayaweka mbele yenu moja moja, nanyi mwamue.

Kwanza, kompyuta ni dhaifu: RAM haitoshi, prosesa imezeeka. Hoja hii si ya uongo mtupu. Mashine dhaifu inaweza kuangusha picha inaporekodi kutoka kanda ya VHS, na inaweza kukwama ikicheza faili zito. Ila kugeuza fomati si matangazo ya mubashara. Mashine iliyochoka itamaliza alfajiri badala ya saa tatu usiku, na kitakachotoka ni kile kile. Chukua flashi, ucheze faili hilo kwenye kompyuta ya jirani. Sauti ikiachana na picha kwa kiasi kile kile, dakika ile ile, kosa limo ndani ya faili na RAM haina hatia.

Pili, "isogeze sauti nusu sekunde tu." Kwa kosa la aina moja, ushauri huu ni sahihi kabisa: pale pengo lilipo sawa mwanzo, katikati na mwisho. Wanaoutoa hawaangalii mwisho. Kamera nyingi zilizoandikwa 30 kwa kweli hurekodi picha 29.97 kwa sekunde. Programu ikizihesabu kuwa 30 kamili, picha zinakwenda haraka kidogo kuliko sauti, na kila saa sauti inabaki nyuma kwa sekunde 3.6. Mwanzoni mwa ibada huoni kitu. Saa ya nne pengo limepita sekunde 14: jeneza limeshafika chini, na sauti bado ni ya mchungaji akiwaomba watu wasogee nyuma kidogo. Sogeza nusu sekunde hapo, utakuwa umeharibu mwanzo bila kuponya mwisho. Tena wengi husogeza kwa vitufe vya J na K vya VLC kwenye Windows, milisekunde 50 kwa kila mbonyezo, kisha wanamkabidhi mteja faili. VLC ilibadilisha uchezaji wake tu, faili halikuguswa.

Tatu, na hapa ndipo fundi hujiamini zaidi: simu imeandika 30, nami nimeweka 30, kwa hiyo hesabu imekaa. Hesabu haijakaa. Simu nyingi hazishiki kasi moja. Usiku wa kesha, chini ya balbu mbili za jenereta, simu huacha kila picha ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi, na kasi inashuka. Mchana inapanda tena. Ile 30 ni wastani au ni nia. Ndani ya faili kila picha ina muhuri wake wa wakati, na kichezeo kinachoufuata hakikosei. Programu ya kuhariri inayoipuuza mihuri hiyo na kuzipanga picha kwa umbali sawa ndiyo inayozaa pengo, nalo hupanda na kushuka bila mpangilio. Dawa ni kuifanya kasi iwe thabiti kabla ya kuhariri: HandBrake ina chaguo hilo, na ffmpeg pia. Programu hurudia picha hapa, hudondosha nyingine pale, na sauti hubaki na saa yake.

Nne: "MKV ndiyo mbovu, igeuze tena." Chombo hakisababishi pengo kwa jina lake. Ukihamisha picha na sauti kutoka MKV hadi MP4 bila kuzisimba upya, na mihuri ikahama nazo, ulichokuwa nacho ndicho utakachopata, pengo likiwemo. Cha ajabu, wanaoilaumu MKV hukimbilia AVI, fomati ya zamani iliyojengwa kwa kasi moja isiyobadilika. Kupeleka video ya simu huko ni kuitupa mihuri iliyokuwa mkombozi wako. Na kila usimbaji mpya unakula ubora: ugonjwa unabaki, mgonjwa anakonda.

(Hoja kwamba kamera "ilikata vipande" naiacha ipite haraka, maana ina ukweli. Kadi za FAT32 hazipokei faili la zaidi ya GB 4, na vikiungwa ovyo, pengo huongezeka kwa ngazi kwenye kila kiungo. Viunganishwe kwa mihuri, basi.)

Mwisho kuna kinga yao kuu: hakuna atakayeona. Pendekezo la ITU la 1998, BT.1359, linasema watu huanza kutambua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa kwa 125. Tofauti hiyo ina sababu. Simama ufuoni Dunga, utazame mvuvi akigonga mtumbwi mita 340 kutoka ulipo: nyundo inagusa mbao, na mlio unakufikia karibu sekunde nzima baadaye. Sauti iliyochelewa tumeizoea maishani. Iliyotangulia hatujawahi kukutana nayo. Sekunde 14 hazijifichi popote kati ya vipimo hivyo.

Na anayesema hakuna atakayeona ndiye yule yule aliyemweleza mteja kuhusu RAM. Kama pengo halionekani, alikuwa akieleza nini?