Pikipiki kuukuu: Usitupe hata skrubu!

Mpenzi msomaji, huenda nyumbani kwenu, au huko mashambani kwa babu, kuna pikipiki ya mbio ya zamani iliyofunikwa gunia. Mwenyewe aliiendesha ujanani, ikaharibika, vipuri vikakosekana, akaiegesha. Siku hizi kuku hutagia chini yake. Mama anataka iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu ili apate nafasi, nawe kijana umeapa kuifufua. Ni nani kati yenu asikizwe? Hebu tulizungumze jambo hili kabla hamjakosana, maana yapo makosa hapa ambayo hata pesa haziwezi kuyarekebisha.

Tuchukue mfano wa Yamaha RD350, iliyotengenezwa Japani kuanzia 1973. Ni pikipiki ya silinda mbili, cc 347, gia sita, na injini yake ni ya mapigo mawili, yaani ile inayochoma mafuta ya kulainisha pamoja na petroli. Enzi zake vijana waliiogopa na kuipenda kwa wakati mmoja. Mwaka 1976 Yamaha ilileta RD400 kuchukua mahali pake. Kwa hivyo ukienda leo Barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi, utaona vipuri vya boda boda rafu baada ya rafu, lakini ukiulizia pistoni ya RD350, muuzaji atakutazama kama mtu aliyeulizia gurudumu la gari la moshi.

Kwa sababu hiyo, sheria ya kwanza ni hii: usitupe chochote. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Gasketi iliyochanika ndiyo ramani ya kukatia gasketi mpya. Bushi iliyolika ndiyo kipimo atakachotumia fundi wa kukereza vyuma kule Kariobangi. Ukiitupa kwa kuwa ni mbovu, utamwambia fundi akutengenezee nini? Kabla ya kufungua chochote, piga picha. Kisha kila kikundi cha skrubu kiingie katika mkebe wake, na mkebe uandikwe jina.

Sheria ya pili inahusu bisibisi. Skrubu za nyota za pikipiki za Kijapani zinafanana na zile za kawaida, lakini umbo la ndani ni tofauti kidogo. Bisibisi ya kawaida huteleza na kuharibu kichwa cha skrubu, na baada ya hapo fundi hushika patasi na nyundo. Tafuta bisibisi iliyotengenezwa kwa kipimo cha Kijapani, utie mafuta ya kulegeza kutu, na uyaache yalale usiku kucha. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, usikate tamaa mapema, maana si kila kipuri ni adimu. Beringi, kwa mfano, hazina kabila. Iliyoandikwa 6205 ina kipenyo cha ndani cha milimita 25, cha nje 52 na unene wa 15, iwe imetoka kwenye pikipiki au kwenye pampu ya maji. Isafishe, usome namba, uende duka lolote la beringi. Hali kadhalika, tarakimu za mwanzo za namba ya kipuri cha Yamaha huonyesha kipuri kile kilibuniwa kwa ajili ya modeli gani. Huenda kifaa unachokitafuta kiliwekwa pia katika modeli nyingine iliyouzwa kwa wingi. Isitoshe, kampuni ya Escorts ya India ilianza mwaka 1983 kuitengeneza RD350 kwa leseni, ikaiita Rajdoot 350. Baadhi ya vipuri vyake vya injini huingiliana na vya ile ya Japani. Lakini uwe macho: Rajdoot ina breki ya ngoma mbele, ilhali ile ya Japani ina ya diski. Linganisha kipuri kwa kipuri kabla ya kutuma pesa ng'ambo.

Nne, tengeneza kisichoonekana kabla ya kinachoonekana. Vijana wengi hukimbilia rangi. La hasha! Injini ya mapigo mawili hutegemea sili za mpira zilizo kwenye shafti kuu. Zikikaa miaka mingi hukauka, hewa ikapenya, mchanganyiko wa petroli ukawa hafifu, injini ikachemka na pistoni ikakwama ndani ya silinda. Ukiwa mwendoni, gurudumu la nyuma linaweza kukaza ghafla, nawe ukajikuta lamini. Badilisha sili hizo kabla hujaiwasha. Badilisha pia mipira ya breki, na tairi hata kama bado zina meno. Ubavuni mwa tairi zilizotengenezwa tangu 2000 kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa tairi haina tarakimu hizo nne, basi pengine imekuzidi umri wewe mwenyewe.

Na silinda ikiwa imelika, nunua pistoni kwanza ndipo uikereze. Kipenyo cha RD350 ni milimita 64, na pistoni za ukubwa wa ziada hupanda kwa robo milimita. Fundi akikereza kwa makisio halafu pistoni ya kipimo hicho ikose, umeipunguza silinda bure, na chuma kilichoondolewa hakirudi.

Sasa turudi kwa mama. Mama, mnunuzi wa vyuma hupima kwa kilo. Kwake yeye, pikipiki ile na lango bovu ni kitu kimoja. Ukimwachia leo, kesho hutaipata tena kwa bei yoyote. Nawe kijana, karo ya wadogo zako si mfuko wa vipuri. Tafuta kwanza hati ya umiliki, yaani logibuku, na uhakikishe namba za fremu na injini zinaafikiana nayo. Kisha andika orodha ya kila kinachohitajika pamoja na bei yake, na uweke kiwango ambacho hutakivuka. Mara nyingi jumla hiyo itapita bei ya pikipiki yenyewe. Ukiendelea, endelea ukijua unahifadhi kumbukumbu ya mzee, si kwamba unafanya biashara.

Na kama pesa hazipo? Basi usiifungue kabisa. Pikipiki nyingi hufia kwenye mikebe baada ya kufunguliwa na mtu aliyeishiwa. Mwaga petroli ya zamani, ondoa plagi, tia mafuta kidogo ya injini ndani ya kila silinda, rudisha plagi, ziba mabomba ya moshi, na uihamishie pakavu mbali na kuku. Hapo mama atakuwa amepata nafasi yake, nawe utakuwa na cha kutengeneza siku utakapopata kazi.

Hadi Jumapili ijayo, kaeni kwa amani.