Basi Jipya katika Simu ya Mama



Nalikwenda Kiwalani kumtazama dada yangu, nikamkuta barazani, simu mkononi, uso umemshuka. Yeye ndiye mtunza fedha za upatu wa akina mama kumi na wawili wa mtaani kwake, na fedha zote zimo katika simu ile. Baada ya Alasiri mwanawe mwenye miaka kumi na mitatu aliichukua ili atie basi jipya katika mchezo wake. Basi halikuonekana. Palitokea programu asiyoijua, ikitaka ruhusa ya kusoma ujumbe wote. Alhamdulillahi, kijana akaingiwa na hofu, akamwita mama yake kabla hajakubali.

“Mjomba, nalitaka basi la Tanga tu,” akaniambia. Sikumkemea, kwani nalikuwa sijui hata yeye akosea wapi. Ilinibidi nijifunze kwanza.

Mchezo wenyewe waitwa Bus Simulator Indonesia, nao ulitolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo ya nchi hiyo. Waliouunda waliacha mlango wazi: mchezaji aweza kuongeza basi alilolitengeneza yeye au mwenziwe, na kulipaka rangi apendavyo. Nyongeza hizo ndizo vijana wazitazo modi. Vijana wa Tanzania na Kenya wameupenda mlango huo, wakaunda mabasi yafananayo na yale yapitayo katika barabara zetu. Wengine wamejifunza kuchora kwa Blender, programu itolewayo bure, na hiyo ni kazi ya mikono ya kusifiwa. Mzazi aionaye kuwa upuuzi mtupu hajaitazama vema.

Lakini jambo hili yafaa tulishike. Katika mchezo huo, jina la faili la basi huishia na neno bussidvehicle, na rangi yake ni picha ya kawaida. Hayo huwekwa ndani ya mchezo uliopo tayari. Faili liishialo na apk ni kitu kingine kabisa: ni programu kamili, ikaayo katika simu kwa nafsi yake na kuomba ruhusa zake. Basi la nini kusoma ujumbe wa mama? Ujumbe huo ndio uletao namba za siri za kuthibitisha, na mwenye kuusoma amekaribia mkoba. Mtu akuahidiye basi kisha akakupa apk, mrudishie.

Hali kadhalika na ule mchezo mzima “uliobadilishwa”, wenye fedha zisizokwisha. Huo umepita katika mikono usiyoijua, tena mara nyingi wamnyima aliyeuunda haki yake. Kijana Mwislamu na alipime hilo pia.

Katika kompyuta mambo ni mazito zaidi, maana huko modi nyingi ni programu hasa. Mwezi Juni 2023 wachezaji wa Minecraft walipatwa na msiba. Programu ovu iliyopewa jina la fractureiser iligunduliwa ndani ya modi zilizowekwa CurseForge, mahali penye sifa njema. Iliiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa, kisha ikajinakili katika mafaili mengine ya namna ile ile. Kwa hiyo sifa ya mahali haitoshi. Modi ikitoka leo, ngoja siku kadhaa. Hakuna thawabu ya kuwa wa kwanza. Pitisha faili katika programu ya kukinga virusi, na uweke nakala ya mchezo wako mahali pengine. Ongeza modi moja moja, ukiandika katika daftari jina lake, tarehe na ulikoipata. Mchezo ukisimama ghafula, ondoa ya mwisho kwanza. Na mchezo wenyewe ukifanywa upya, usishangae modi za zamani zikikataa kufanya kazi.

Simu ya dada tuliishughulikia jioni ile ile. Tuliondoa programu ile, tukafungua mipangilio na kutazama moja baada ya moja ni zipi zenye ruhusa ya kusoma ujumbe, tukafunga ruhusa ya kuingiza programu zitokazo nje ya duka la simu, kisha akabadili namba yake ya siri ya fedha. Akazihesabu fedha za wenziwe mara mbili. Zilikuwa kamili.

Kijana amepewa simu kuukuu ya baba yake, isiyo na laini wala fedha. Ijumaa alilipata basi lake la Tanga. Asema rangi ya ubavuni imekosewa, naye ameanza kuichora upya mwenyewe.