Chuma Kilichopashwa Moto si Chuma Kipya

Katika mdahalo wa chama chetu cha sayansi muhula huu, mwenzetu mmoja alisema kwamba vinu vya nyuklia vya zamani havina haja ya kufungwa, maana pipa la feleji lililochoka likipashwa moto hurudi kuwa jipya. Alipigiwa makofi mengi. Mimi sikupata nafasi ya kumjibu, kwa kuwa kengele ya prepu ililia. Basi namjibu hapa.

Nusu ya maneno yake ni kweli. Lakini kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Feleji ya mapipa mengi ya kale ilikuwa na shaba kidogo sana ndani yake, isiyotakiwa. Chuma kilipokuwa cha moto kiwandani, shaba hiyo ilienea humo kama sukari katika chai, kilipopoa ikanaswa. Kwa joto la kazi la mapipa hayo, karibu digrii 270, ingekaa hivyo miaka mingi. Lakini nyutroni hupiga atomu na kuzing'oa mahali pake, na kwa nafasi zinazoachwa wazi shaba hupata njia, ikakusanyika kuwa punje. Punje laki tano zikipangwa mstari mmoja zapata milimita moja hivi! Nazo huzuia safu za atomu zisiteleze. Chuma kisichoteleza hakipindi, huvunjika. Siku ya ajali maji baridi yakimiminwa katika pipa la moto, ndipo ubaya huo utakapoonekana.

Sasa dawa. Huko Ufini, kinu cha kwanza cha Loviisa kilianza kutoa umeme mwaka 1977, na ndani yake viliwekwa vipande vya feleji vya kupimwa. Vipande hivyo vikaonyesha kwamba mshono wa kulehemu unadhoofika upesi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1980 mafungu 36 ya fueli ya ukingoni yaliondolewa, yakawekwa ya feleji tupu, ili nyutroni chache zaidi zifike ukutani. Mwaka 1996 pipa likapashwa moto wa digrii 475 kwa muda wa saa 100.

Katika moto huo punje ndogo kabisa huyeyuka, na zilizo kubwa huzidi kukua, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi yanavyomezana. Punje huwa chache na mbali mbali. Mbigili zikitapakaa njia nzima, mtu wa miguu mitupu hapiti. Zikikusanywa mafungu machache, atapita katikati. Kwa hiyo chuma hupata nafuu kubwa, wala sibishi.

Lakini shaba haikutoka! Imehama tu. Kinu kikiwashwa, nyutroni huanza kazi yao upya juu ya shaba iliyosalia, na juu ya fosforasi pia. Mara nyingi udhaifu wa pili huja polepole kuliko wa kwanza, kwa kuwa shaba nyingi imekwisha kufungwa katika punje kubwa. Polepole kiasi gani? Hapo maneno ya mdahalo hayatoshi, yatakiwa vipande vya kupimwa.

Na si kila pipa lilikuwa navyo. Mapipa ya Greifswald, Ujerumani ya Mashariki, yaliyojengwa kwa ramani ya kwanza ya Kirusi, hayakuwekewa mpango huo. La kinu cha kwanza lilipashwa moto mwaka 1988. Mwaka 1990 vinu vikafungwa, na baadaye wataalamu wakakata vipande katika kuta zenyewe ili kuzisoma.

Nalisema hili kwa sababu Kenya na Uganda zimetangaza nia ya kujenga vinu. Ningekuwa mimi katika baraza la kununua, nisingeanza na bei. Ningeuliza mshono wa pipa una shaba kiasi gani, na vipande vya kupimwa vitatungikwa wapi, vingapi, na nani atavitoa miaka arobaini baadaye. Mwenzangu akiwa na jibu, nafasi ipo katika toleo lijalo.