Kabla hujaongeza bando, tazama chaneli

Jamani, nitasema tena: intaneti nyingi inayolaaniwa pale Makutano mjini Meru, au Embu mjini, haina kosa. Kosa liko kwenye redio ya rauta.

Chukua jengo la ghorofa, maduka chini, ofisi na vyumba vya kupanga juu. Kila mtu ana rauta yake, na kila fundi ameifungulia nguvu ya mwisho. Mteja akilia, anaambiwa aongeze kifurushi. Analipa. Kesho yake mzee aliye saiba akitafuta huduma ya eCitizen bado anatazama duara likizunguka.

Tuelewane. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zimeachana kwa megahezi 5 tu, lakini Wi-Fi hula megahezi 20 hivi. Ndiyo maana tunatumia 1, 6 na 11, ambazo hazigusani. Sasa fundi anaona 1 na 6 zimejaa, anajiona mjanja, anaweka 3. Huo si ujanja! Rauta za chaneli moja husikilizana na kungojeana zamu, kama matatu stendi. Ya 3 haiwaelewi majirani. Inasikia kelele tu, nao vivyo hivyo. Data inarudiwa na wote wanaumia.

Ule upana wa megahezi 40 kwenye 2.4 mimi nauita uchoyo. Unachukua karibu nusu ya barabara yote.

Na nguvu? Simu yako haina nguvu ya rauta. Rauta ikipiga kelele hadi ng'ambo ya mto, simu itaisikia lakini haitaweza kujibu. (Mistari imejaa, WhatsApp haiendi: ndiyo hiyo.) Ukishusha kutoka dBm 20 hadi 17 umepunguza nusu, miliwati 100 hadi 50, na chumbani huenda usione tofauti.

Gigahezi 5 ina nafasi zaidi. Kuta za mawe huikata, na kwa jengo lililosongamana hiyo ni faida.

Kwa maoni yangu wenye majengo walisimamie hili kama wanavyosimamia maji: ghorofa ya chini 1, inayofuata 6, kisha 11, halafu unarudia 1. Mwenye OpenWrt afungue /etc/config/wireless, aweke country 'KE', channel ya ghorofa yake, htmode 'HT20' na txpower '17', kisha aandike wifi reload. Dakika tano, bila shilingi hata moja.