"Risasi baridi"? Tusidanganyane

Jamani, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi niliandika habari ya nje kuhusu usalama wa silaha kwenye upigaji wa filamu. Kila nilipoandika "risasi isiyo na kichwa", mhariri wangu akaweka "risasi baridi". Nilipomfuata akacheka: "Mdogo wangu, msomaji anaelewa." Anaelewa nini? Anaelewa kwamba haiunguzi na haiui. Ugomvi wangu uko hapo hapo.

Chukueni bastola ya baruti nyeusi, zile za Colt za miaka ya 1850 na 1860. Mifano yake mipya inatengenezwa mpaka leo, na Wamarekani wanaoigiza vita yao ya wenyewe kwa wenyewe (1861-1865) wanaitumia. Aliyewahi kuona gobore kijijini ataelewa haraka: unamimina baruti, unashindilia goroli, unaweka fataki nyuma. Tofauti ni kwamba hapa vyumba ni sita na vinazunguka. Ukitaka mlio tu, si unaacha goroli?

Haiko hivyo. Baruti ni ile ile: shura, makaa na salfa. Goroli ilikuwa pia kifuniko, kwa hiyo ukiiondoa lazima uweke kitu kingine juu, la sivyo baruti inamwagika. Na kitu hicho ndicho kitakachoruka. Wanaojua kazi huweka kitu laini kama semolina, inayotawanyika ikitoka tu mtutuni. Hukagua kwanza kama mtutu hauna kitu, na hawamlengi mtu hata wakiwa mbali. Mjuaji yeye anashindilia karatasi au kitambaa kikagumu, halafu anamwelekezea rafiki yake apige picha. Midomo ya vyumba isipozibwa vizuri, cheche za chumba kimoja zinaweza kuwasha cha jirani ambacho hata hakijaelekea mtutuni. Wapo pia wanaotia baruti ya kisasa isiyo na moshi. Nguvu yake inaweza kuipasua bastola mkononi mwao.

Mnadhani natia chumvi? Oktoba 1984, mwigizaji Jon-Erik Hexum alikuwa akisubiri zamu yake kwenye upigaji wa Cover Up. Akachukua bastola yenye risasi hizo "baridi", akaiweka kwenye kichwa chake kwa utani, akafyatua. Hakukuwa na kichwa cha risasi. Nguvu ya mlipuko peke yake ilivunja fuvu. Alikuwa na miaka 26.

Brandon Lee naye, Machi 31, 1993, huko Wilmington, akicheza The Crow. Risasi za maonyesho zilitengenezwa kienyeji: baruti ilimwagwa, kichwa kikarudishwa, fataki ikaachwa nzima. Fataki ile ikakisukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu, kikanasa. Hakuna aliyechungulia. Baadaye bastola ile ile ikapakiwa risasi isiyo na kichwa, na ikakitoa kile kilichonasa kana kwamba ni risasi kamili. Miaka 28.

Halafu Rust, Oktoba 21, 2021, New Mexico. Kwa mujibu wa hati ya kiapo ya polisi, msaidizi wa mwongozaji alitangaza kwamba silaha ni "baridi". Naam, neno lile lile! Ndani yake kulikuwa na risasi ya moto. Mpiga picha Halyna Hutchins akafa, mwongozaji akajeruhiwa. Mwaka 2024 mtunza silaha wa filamu ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Sasa bosi wangu ananiambia neno halina shida! Neno ndilo lililomfanya mtu mzima aache kufungua silinda na kutazama kwa macho yake. Ukiambiwa chai ni baridi hupulizi, unakunywa.

Najua mtasema kila mtu analitumia, hata kwenye taarifa za polisi. Ndiyo, na sisi waandishi ndio tunaolinakili bila kuuliza. "Risasi tupu" nayo siitaki, maana haiko tupu, imejaa baruti. "Risasi ya mlio" inanikaa vizuri kidogo, ingawa mlio si yote. Mwenye neno bora alilete, nitalipeleka dawatini Jumatatu. Mzee atanuna, lakini kwenye habari yangu hiyo "baridi" nitaifuta tena.